Mti Nao Unataka Mlango

Katika nchi hiyo kivuli cha mtu hakikuzeeka pamoja naye. Kilibaki na umri ule ule wa siku alipompoteza mtu wake, kikagoma kusogea. Ndiyo maana Bi Mize, fundi wa chokaa, mama mtu mzima mwenye mvi na magoti yenye malalamiko, alitembea jangwani akiburuta nyuma yake kivuli cha mwanamke kijana, kiuno chembamba, kanga imefungwa upesi upesi kama ya mtu aliyeitwa mlangoni ghafla. Wenyeji hawakushangaa. Ukikutana na mzee ana kivuli cha mtoto anayetambaa, unajua huyo alinyang'anywa mama mapema, unampa pole na kushika njia yako. Waliokuwa na vivuli vinavyolingana na umri wao walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wapita njia.

Siku aliyoitwa Jumbani ilikuwa Jumanne. Jana yake pia ilikuwa Jumanne, na juzi yake, kwani jangwa lile halikuwa na haraka ya kubadilisha siku. Alibeba mwiko wake, ndoo yake na kata yake ya kibuyu, akaenda.

Jumba lilijengwa na Mkuu. Mkuu gani? Swali zuri, ila huko halikuulizwa, maana alikuwepo mmoja tu, na hata alipokufa aliendelea kuwepo. Alilijenga mbali na kila kitu, kuta nene, madirisha membamba yasiyopitisha hata kichwa cha paka, na uani akaagiza bustani ya miti isiyotaka maji: mishubiri, mipungate, minyaa, na ile mifupi yenye shina lililovimba kama mtungi. Kwa nini mtu apande bustani mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kutembea? Hilo nalo halikuulizwa. Watu waliitwa Jumbani kwa majina yao, wakaenda kwa miguu yao, wasirudi. Haikuletwa maiti, haikuletwa nguo, haikuletwa hata salamu. Na kulia kulikatazwa, kwani utamliliaje mtu ambaye wakubwa wanasema yuko kazini?

Sasa ujue desturi yao, maana bila hiyo mengine yote yatakupita. Watu wa nchi hiyo huwaaga maiti wao kwa maji. Udongo ukishafukiwa, yule wa karibu kuliko wote huchota kata moja, akaimimina upande wa kichwa, kisha akaivunja kata hapo hapo. Ni mara moja tu. Hakuna kumimina tena, na kata iliyotundikwa kwa ajili ya mmoja haimfai mwingine. Asiye na kaburi la kumiminia aliitundika kata yake juu ya mlango, kifudifudi, akaingia na kutoka chini yake miaka nenda miaka rudi. Ukipita mitaani mwao ungedhani umeingia mji wa wauza vibuyu.

Kata ya Mize, ile aliyoiteremsha mlangoni siku aliyoitwa, ilikuwa ya Kombo, mumewe.

Kombo alikuwa mtunza bustani, mrefu mno, miguu yake ilitokeza nje ya kila kitanda alichowahi kulalia. Alitumia mkono wa kushoto, na kila alichokipanda alikizungushia mawe. Duara lake halikukamilika hata siku moja. Upande mmoja aliacha pengo la upana wa kiganja.

"Mbona hukumaliza?" Mize alimuuliza zamani, wakiwa bado wachumba.

"Nimemaliza. Mti nao unataka mlango. Wewe ungekaa katika nyumba isiyo na mlango?"

"Na nani atapiga hodi kwa mti?"

"Hujui. Unaweza kuja kuwa wewe."

Ulikuwa upuuzi mtupu, na Mize aliolewa kwa sababu ya upuuzi huo. Kisha siku moja walikuja watu wa Mkuu wakasema bustani ya Jumbani inahitaji mtu. Kombo alinawa mikono, akachukua jembe lake dogo, akamwambia mkewe asimwekee chakula cha mchana, labda cha jioni. Mize alibaki kizingitini na kanga yake ya haraka haraka. Kivuli chake kilibaki pale.

*

Aliyemwita Jumbani ni Hemedi, mwenyekiti wa Kamati ya Wageni. Usimchukie. Alikuwa kijana mpole, msomi, mwenye nia njema kutoka utosini hadi unyayoni, na kivuli chake kilikuwa cha mtoto wa kiume aliyesimama kwa ncha za vidole akichungulia juu ya ukuta. Baba yake naye aliitwa.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, baba."

"Tunataka Jumba lirudi kama lilivyokuwa, na bustani yake. Tulifungue, watu wote waje walione. Wasiwe wanalisikia tu."

"Kama lilivyokuwa lini?"

Hemedi alicheka, akidhani ni utani. Halafu akakohoa kidogo na kumwonyesha kuta.

Hapo inabidi nikueleze kuhusu kikohozi. Mkuu alikuwa na kikohozi chake. Kabla ya kutoa amri yoyote alikohoa mara moja, kikavu, kama mtu anayegonga meza kwa kifundo cha kidole, na watu wote mbele yake walirudi nyuma hatua moja. Alipokufa walimzika, ila kikohozi kilikataa kwenda naye. Kilizurura nchini kikitafuta koo. Leo kiko kwa mwalimu, kesho kwa mganga, keshokutwa kwa mama anayemkataza mwanawe kitu asichoweza kueleza kwa nini anamkataza. Watu walikisikia, wakarudi nyuma, wakajidai wanapisha upepo. Je, mtawala ni mtu, au ni sauti fulani inayopita kooni mwa watu kama pepo, na huyo tunayemwita Mkuu ni yule tu aliyeikaribisha mapema kuliko wengine na kuikalisha kitako? Mize aliligeuza swali hilo huku akichanganya chokaa. Hakupata jibu, lakini chokaa ilikolea vizuri.

Alipiga lipu chumba baada ya chumba. Kila asubuhi alikuta ukuta mweupe umetoka doa jeusi, sawasawa na kimo cha mgongo wa mtu aliyeketi sakafuni. Alipaka tena. Doa lilirudi. Mwishowe akaacha kupaka, akaanza kuyasalimu madoa. Zilikuwepo saa ambazo hakujua kati yake na kivuli chake nani ndiye fundi na nani anamfuata mwenzake. Kivuli kilikuwa na mgongo mzima na pumzi ya kutosha, kilipanda ngazi kabla yake, na yeye alijikongoja nyuma kama yaya. Alimwonea huruma yule mwanamke kijana. Hakuwa ameambiwa lolote, na bado alikuwa akisikiliza kama kuna mtu anarudi kwa chakula cha jioni.

Uani, mchanga ulikuwa umefunika kila kitu hadi magotini, ila miti ilikuwa hai. Hakuna aliyeitunza tangu Mkuu afe, hakuna aliyeinyeshea, nayo ilinawiri. Katika Jumanne mojawapo Mize aliondoa mchanga kwa mikono chini ya mshubiri mmoja mkubwa, akagusa jiwe. Pembeni yake jiwe. Akalifuata duara kwa vidole vyake, jiwe kwa jiwe, mpaka vidole vikaangukia mahali pasipo na kitu.

Pengo la upana wa kiganja.

*

Ndiwe?

Umenenepa, Kombo. Hukuwa na mwili namna hii.

Chakula cha jioni niliweka. Nilikifunika kawa. Kiliharibika nikaweka kingine, kikaharibika, nikaweka.

Ungeniambia ni wapi ningekuja siku ile ile. Ningekuja bila viatu.

Silii. Ni chokaa hii, inawasha macho.

*

Hakusubiri ruhusa ya mtu. Alichota maji kutoka katika mapipa ya mafundi wenzake, akaimimina kata yake yote penye pengo, akaivunja juu ya jiwe. Kibuyu kilipasuka kwa sauti ndogo tu. Miaka yote ile aliyopita chini yake, alidhani siku ya kuivunja mbingu zingesikia. Akaketi mchangani, akahisi mwili umekuwa mwepesi, na huzuni yake, ambayo kwa muda wote ilikuwa imesimama wima, sasa imepata mahali pa kulala. Basi, alijiambia. Nimemzika mume wangu.

Siku zilizofuata mafundi waliendelea kuzoa mchanga, na chini ya kila mti likatokea duara la mawe lenye pengo. Mpungate, duara. Mnyaa, duara. Mapengo yote yalielekea upande mmoja. Mize aliyaona. Bila shaka, alijiambia, mtu aliyekuwa mtunza bustani ataacha alama gani kama si bustani nzima? Ila huu wa kwanza ndio wake. Mtu huchagua mahali pa kuweka huzuni yake, na akishaiweka hataki kuambiwa aihamishe.

Tena akafanya kosa ambalo mtu wa huko tu ndiye angelifanya. Maji ya kumuaga Kombo alishayamimina, na hayamiminwi tena, lakini hakuna aliyekataza kuugawia mti maji yako ya kunywa. Kila mchana aliuachia nusu ya kikombe chake. Alidhani anaukirimu. Mshubiri ukaanza kulainika shinani, majani yakawa ya manjano na kulegea kama vidole vya mgonjwa. Hemedi alipouona alichuchumaa, akaugusa kwa uchungu wa kweli.

"Bi Mize, hii imeishi kwa sababu hakuna aliyeipa maji. Ukiinywesha inaoza. Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua miti ya watu walio hai."

Aliacha. Alikunywa kikombe chake chote na kila tone lilimkwama. Polepole mti ukajikaza, ukapona nusu. Ndipo Mize akajua kwamba kitu pekee kilichobaki kinachopumua, ambacho mkono wa kushoto wa Kombo uliwahi kukigusa, kinahitaji asikipe chochote. Ni adhabu ya ajabu, kupenda kwa kufunga mkono.

*

Habari ilitangazwa: Jumba litafunguliwa. Na mji mzima ukafanya kile ambacho Hemedi, pamoja na usomi wake, hakukifikiria. Watu waliziteremsha kata milangoni.

Walionekana tangu mbali, mstari mrefu mchangani, wazee wenye vivuli vya vijana, vijana wenye vivuli vya watoto, kila mmoja ameshika kata iliyojaa, akitembea kwa tahadhari isimwagike. Hawakuzungumza. Mtu aliyebeba maji ya maiti wake hazungumzi.

Hemedi alimkimbilia Mize. "Wana maji! Wote wana maji! Wakimimina humo hautabaki mti hata mmoja, na bustani hii ndiyo shahidi wetu pekee aliye hai. Wewe wanakuheshimu. Kaa langoni. Waambie waingie, watazame, ila kata zibaki nje." Akakohoa.

Kulikuwa na kigoda langoni, kigoda cha mlinzi wa Mkuu, kimetengenezwa upya na kupigwa vanishi. Mize akakaa. Hakukaa kwa ajili ya Hemedi. Alikaa kwa ajili ya mshubiri wake uliopona nusu. Nataka ulijue hilo usije ukamfanya mtakatifu.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Faki, kinyozi, ambaye kivuli chake kilikuwa cha baba kijana aliyembeba mtoto mabegani. Binti yake, Zuwena, aliitwa akiwa hata hajamaliza kukua. Mzee alisimama, kata mikononi, maji yakicheza kwa mtetemeko wa uzee.

"Bi Mize, mwanangu. Wewe yako umeshamimina?"

Angeweza kusema hapana. "Nimemimina, mzee wangu."

"Alhamdulillahi. Ulimwona?"

"Niliuona mti wake."

"Basi umebahatika. Mimi sina hata mti. Nitamimina popote, wenyewe huko chini watajuana." Akapiga hatua.

"Haiwezekani, mzee," Mize alitaka kusema, na kabla ya neno kutoka, alikohoa.

Mara moja. Kikavu.

Mzee Faki akarudi nyuma hatua moja. Nyuma yake mstari wote, hadi kule mwisho usikoonekana, ukarudi nyuma hatua moja, na maji yakamwagika kidogo katika kila kata. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wamezoea. Mzee aliinamisha kichwa akaanza kuigeuza kata yake kifudifudi, taratibu, kwa utiifu wa mtu aliyekwishaigeuza mara nyingi.

Mize alishika koo lake. Hakuwa na homa wala vumbi. Alikuwa na kitu cha kulinda, basi, na kigoda cha kukalia. Ndivyo kinavyoingia, aliwaza. Hakiingii kwa wabaya peke yao. Kinaingia kwa yeyote anayependa kitu kimoja kuliko watu walioko mlangoni. Na huenda hata Mkuu, mwanzoni kabisa, katika Jumanne moja iliyosahaulika, alikuwa na mti wake tu aliouonea huruma.

Alisimama. Alikishika kigoda kwa mguu mmoja akakitupa mchangani.

"Usiimwage, baba. Piteni. Piteni nyote na maji yenu."

"Bi Mize!" Hemedi alilia, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa ukutani. "Itakufa yote!"

"Najua."

"Na wa kwako?"

"Na wa kwangu, mwanangu. Nipishe."

*

Walimimina. Kila mmoja alichagua pengo lake kwa sababu zake mwenyewe: huyu rangi ya ua, yule mwiba uliomkwaruza kama kucha ya mkewe. Sauti ya vibuyu vikivunjika ilijaa uani, na kilio kilichokatazwa miaka yote kikatoka chote kwa pamoja, kibaya, bila mpangilio, watu wakilia kwa sauti za umri wa vivuli vyao. Ardhi ilikunywa. Ilikunywa mpaka ikashiba, maji yakaanza kutafuta njia kuteremka kuelekea ukuta wa nyuma.

Kisha ardhi ikashuka.

Udongo uliowahi kufukuliwa ukilowa hukaa chini. Mize alilijua hilo kwa ufundi wake, na bado alipoliona hakulielewa mara moja. Chini ya kila mti udongo ulizama taratibu, na kila mzamo ulikuwa wa urefu wa mtu. Kila pengo lilikuwa upande wa kichwa. Kilio kikakatika ghafla, watu wakasimama na vipande vya vibuyu mikononi, wakitazama bustani ikigeuka kuwa kile ilichokuwa siku zote. Kombo hakuwa akipamba ua wa Mkuu. Kila aliyekufa humo, yeye ndiye aliyeletewa amfiche, na kila aliyemficha alimpandia mti usiotaka maji, akamwekea mlango.

Mize alitazama chini ya mshubiri wake. Mzamo wake ulikuwa mfupi. Miguu ya Kombo ingetokeza mbali.

Mzee Faki, ambaye bado hakuwa amemimina, alikuwa amepiga magoti hapo hapo. Alikuwa anapima kwa mikono, kutoka kiwikoni hadi vidoleni, kama baba anayekisia nguo ya sikukuu. "Hapa patamtosha," alisema. Alimimina, akavunja kata, kisha akaona vipande vya kata nyingine, vya zamani, kando ya jiwe. Akainua uso. "Maji yako yalimfikia kabla ya yangu. Ahsante, mwanangu. Hakukaa na kiu."

Mize aliitikia kwa kichwa. Nini kingine angefanya? Hakuweza kumnyang'anya mzee shukrani yake.

Aliyafuata maji. Yalikuwa yamekusanyika kwenye kona ya ukuta wa nyuma, mahali pasipopandwa kitu, pasipo na jiwe hata moja. Hapo udongo nao ulikuwa umezama. Mzamo ulikuwa mrefu, mrefu mno, umepinda kidogo upande wa miguu, kama wa mtu aliyelazimishwa kutoshea kitandani. Nani angempandia yeye? Alikuwa wa mwisho, na mtunza bustani alikuwa mmoja tu.

Hemedi alikuja nyuma yake. Kutoka ndani ya koti lake alitoa kata, ndogo, imejaa. Alikuwa ameificha muda wote ule. "Chukua hii, Bi Mize."

"Hiyo ni ya baba yako."

"Sijui yuko wapi."

"Yuko humu. Nenda kamtafute." Hemedi alikwenda, mabega yakimtikisika.

Mize alibaki. Hakuwa na kata, na ya kwake isingevunjika mara ya pili. Miti nyuma yake ilikuwa imeanza kulala upande, mmoja mmoja, na kabla ya Jumanne nyingine yote ingekuwa imeoza. Akaokota mawe ukutani. Aliyapanga kwa mkono wa kushoto, kwa tabu, maana mkono ule haukuzoea, akalizungusha duara mpaka upande wa kichwa, na hapo akaacha upana wa kiganja. Alipoinuka, kivuli chake kilichukua muda kuinuka. Kilikuwa na mgongo uliopinda na magoti mabovu.

Aliketi mbele ya pengo. Katika nchi hiyo hodi hupigwa mara tatu, na usipojibiwa unaondoka, usimsumbue mwenye nyumba.

"Hodi," alisema.

Alisubiri. Watu walikuwa wanatoka langoni, mikono mitupu.

"Hodi, Kombo."

Ya tatu hakuipiga. Aliibakiza mdomoni, akajifunika kanga yake, akakaa.